Kona ya Mshipi: Trauti wa Scotland, perege wa Hombolo

Mbukwenyi, wasomaji. Barua za mwezi huu zimemleta samaki ambaye wengi wenu hamjamtia mdomoni: trauti. Aliyeanzisha ni kijana mmoja wa Kongwa aliyeko masomoni. Toleo lililopita nilitaja tu kwamba barua yake nimeipata na kwamba inahitaji nafasi, na wengine wakadandia. Kwa hiyo mliouliza habari za nyavu na bei ya injini za mtumbwi, mtaniwia radhi mpaka mwezi ujao.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mtoto wa Kongwa, niko Stirling, Scotland, nasomea ufugaji wa samaki. Mzee jirani yangu hapa amenialika mwishoni mwa Septemba tukavue trauti kwenye mto Allan kwa kutumia nzi bandia. Mimi nimekua na mshipi wa mkononi na minyoo pale bwawa la Hombolo. Fimbo ile ndefu sijawahi kuishika. Naomba unifundishe nisiende kuaibika. – Mwanafunzi wa Kongwa

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nami niliwahi kupelekwa kozi huko ujanani nikiwa afisa uvuvi, kwa hiyo baridi unayoisikia naifahamu.

Tuanze na tarehe. Scotland trauti wa kahawia huvuliwa kuanzia 15 Machi mpaka 6 Oktoba, kisha mto unafungwa. Mzee wako kakualika ukingoni mwa msimu, na anajua anachofanya. Majani yanaanza kupukutika, maji yaliyokuwa haba wakati wa kiangazi yanapata mvua za kwanza, na samaki mwenyewe ana njaa ya makusudi. Kati ya Oktoba na Desemba trauti wa kahawia hupanda vijito vya changarawe kwenda kutaga, na kabla ya hapo anataka kujaza tumbo. Ndiyo maana wiki hizo wavuvi wa huko huomba ruhusa kazini.

Pili, kibali. Scotland haina leseni ya serikali ya kuvulia trauti kama ilivyo England na Wales, ambako kila mwenye miaka 13 na zaidi lazima awe nayo. Lakini usidanganyike ukadhani mto ni wa bure. Kila kipande kina mwenyewe au chama cha wavuvi kinachokisimamia, na unatakiwa kununua kibali cha siku. Muulize mzee wako kabla hamjatoka nyumbani, na usome masharti yaliyoandikwa pale: unaruhusiwa kubakiza samaki wangapi, wa urefu gani, chambo gani kimekatazwa. Minyoo yako ya Hombolo iache. Sehemu nyingi wanaruhusu nzi bandia peke yake.

Sasa kurusha. Hapa ndipo mtu wa mshipi wa mkononi hupotea, kwa sababu kila kitu kimepinduliwa. Hombolo unafunga risasi mbele ya ndoano, unazungusha, unatupa, na uzito wa risasi ndio unaovuta mshipi mpaka katikati ya bwawa. Nzi bandia hana uzito wowote. Ni ndoano ndogo iliyovishwa manyoya. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe: ni mnene, umepakwa plastiki, mara nyingi una rangi ya kung'aa. Fimbo inarusha mshipi, mshipi unambeba nzi. Mbele ya mshipi huo kuna nailoni inayokwenda ikipungua unene mpaka inakuwa nyembamba sana, kusudi samaki asione kitu kilichofungwa.

Kwa mto wa ukubwa ule atakupa fimbo ya futi nane au tisa. Vuta mshipi wa mita chache tu nje ya fimbo, ulale majini mbele yako. Fikiria uso wa saa umesimama ubavuni mwako, wewe unatazama upande wa namba 9. Nyanyua fimbo polepole, kisha uongeze kasi, halafu ikate ghafla inapofika kwenye 1, nyuma kidogo ya sikio. Hapo ngoja. Mshipi unaruka nyuma yako na unahitaji muda wa kunyooka. Ukishanyooka, sukuma mbele na ukate tena kwenye 10, halafu ushushe ncha ya fimbo taratibu. Ni hivyo tu, lakini ule muda wa kungoja nyuma ndio mtihani. Sisi tuliochunga ng'ombe tuna ugonjwa wetu hapa: mkono unataka kufanya ulivyozoea kwa mjeledi. Ukisikia mlio wa mjeledi nyuma ya kisogo, ujue hukungoja, na nzi ameshakatika yuko kwenye nyasi.

Jizoeze kwenye uwanja wa nyasi jioni, siku kadhaa kabla. Usifunge ndoano, funga kipande cha sufu chekundu ukione kinavyotua. Vaa kofia na miwani hata uwanjani, na mtoni usivivue. Ndoano inayopita nyuma ya kichwa haina adabu. Na geuza shingo utazame mshipi ukiwa nyuma yako. Walimu wengine hukataza, mimi nasema tazama mpaka mkono ujue wenyewe.

Kurusha kwenyewe kusikuibie siku nzima. Nimewaona watu wanaorusha mshipi ukapendeza kama kwenye sinema na wanarudi bila kitu, kwa sababu wanarusha mahali pasipo na samaki. Mkifika, usikimbilie maji. Kaa chini, tazama.

Trauti wa mtoni husimama akielekea juu, kule maji yanakotoka, maana chakula kinaletwa na mkondo. Hataki kupigana na maji ya kasi siku nzima, na hataki kukaa kwenye maji yaliyolala yasiyoleta kitu. Kwa hiyo anakaa pale maji ya kasi yanapopakana na ya taratibu, anatoa kichwa, anadaka, anarudi. Mara nyingi utauona mstari wa povu unateremka; fuata huo mstari kwa macho. Tazama nyuma ya mawe makubwa, na mbele yake pia, kwenye kingo zilizolika chini, na chini ya matawi yanayoinamia maji. Ukiona duara dogo linatanuka majini mahali palepale, likarudi tena baada ya muda, huyo anakula juu. Usimrukie. Hesabu anarudi baada ya muda gani.

Kwa kuwa anatazama juu ya mto, wewe mwendee kutoka chini, nyuma yake. Inama. Kivuli chako kisimtangulie. Kutetemeka kwa mawe anakusikia kupitia maji, kwa hiyo mguu uutue, usiuangushe.

Chagua nzi baada ya kuona kinacholiwa. Ukitaka kuwashangaza, fanya hivi. Ingia pembeni kwenye maji ya kifundo cha mguu, chukua jiwe la ukubwa wa kiganja, ligeuze juu. Utaona vijidudu bapa vyenye mikia miwili au mitatu vinakimbilia upande wa chini kujificha. Hao wakikomaa wanapanda juu ya maji, wanavua ngozi, wanaruka na mabawa yaliyosimama. Utaona pia vibomba vidogo vya changarawe vilivyogandamana na jiwe. Bana kimoja taratibu: ndani kuna funza aliyejijengea nyumba kwa mchanga na mate yake. Jioni ya joto, hao wakiwa wakubwa huruka juu ya maji kwa fujo na trauti huwadaka kwa kishindo. Rudisha jiwe kama lilivyokuwa, halafu fungua kiboksi cha mzee wako utafute nzi wa ukubwa na rangi ile. Namba za ndoano zinakwenda kinyume: 16 ni ndogo kuliko 12. Ukipatia ukubwa, rangi atakusamehe.

Kwa mwishoni mwa Septemba kuna mdudu mwingine wa kumkumbuka, yule mwembamba mwenye miguu mirefu inayoning'inia, jamaa ya mbu lakini haumi. Huyu hatoki majini, anatoka kwenye nyasi za malisho, na upepo ukivuma humwangusha mtoni. Ni mnofu mkubwa kwa trauti. Siku ya upepo, mzee wako akifunga nzi mkubwa mwenye miguu ya nyuzi, usicheke.

Na muda: msidamke. Wakati wa kiangazi wavuvi wa huko hupenda alfajiri na jioni, lakini mwishoni mwa Septemba asubuhi ni baridi na wadudu hawajaamka. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndipo maji yanapopata joto kidogo na chakula kinasogea. Pateni chai kwanza. Majani yaliyoanguka yatakusumbua, utavua majani mengi. Kila ukivuta tazama ndoano, maana hakuna trauti anayekula nzi aliyevaa jani.

Nzi wa kuelea akishatua, aachwe ateremke na mkondo kana kwamba hakufungwa na chochote. Mshipi ukiangukia maji ya kasi utamburuta nzi, naye atachora mstari juu ya maji. Trauti akiuona huo mstari anageuka. Dawa yake: mara nzi akitua, inua mshipi kwa ncha ya fimbo na uulaze upande wa juu wa mkondo, uwe na ulegevu. Wakikataa cha juu, funga nzi wa kuzama mwenye uzito kidogo, mwache apite karibu na chini, utazame pale mshipi unapoingia majini. Ukisita hata kidogo, inua. Nimesema inua, sikusema ng'oa. Kambale unamvuta kwa mabega. Trauti ukimvuta hivyo unakata nailoni. Anatema haraka pia, kwa hiyo usisubiri akupe taarifa.

Usiingie maji yanayopita magoti kama huoni chini. Uwe na fimbo ya kutembelea. Mvua ikinyesha milimani mto unapanda wakati ninyi mko juani, na dalili ni kwamba maji yanabadilika rangi na kuanza kubeba vijiti na majani kwa wingi. Hapo ondokeni bila mjadala.

Mkiwa mnapumzika mwambie mzee wako jambo hili, atafurahi: mayai ya trauti wa Loch Leven, ziwa lililo mashariki ya hapo mlipo, yalisafirishwa mpaka Kenya mwaka 1905 na samaki wakapandikizwa kwenye mto Gura, milima ya Aberdare. Wajukuu wa samaki wake wanaishi kwa majirani zetu zaidi ya miaka 100 sasa.

SWALI: Mzee, salaam. Mimi nauza samaki wa kukaanga soko la Majengo. Binamu yangu aliyeolewa Ulaya kanitumia picha mumewe kashika samaki mzuri, nikamuuliza mmempikaje, ananijibu wamemrudisha mtoni! Katoka nyumbani na gari, kanunua fimbo ya mamilioni, kavua, kaachia. Hawa watu wana akili timamu? – Mama Muuza Samaki

JIBU: Mama, nimecheka mpaka mke wangu kaja kuniuliza kulikoni. Swali lako wanaulizana wao wenyewe na hawajaelewana.

Hoja yao ni hii. Mto mdogo wa baridi hautoi samaki wengi kama bwawa la Mtera. Chakula ni kidogo, ukuaji ni wa taratibu, trauti wa kahawia wa kijito cha milimani anaweza kuchukua miaka kadhaa kufika urefu wa kiganja na kipande. Wavuvi nao ni wengi. Kila mmoja akibeba wake, baada ya misimu michache mnabaki mnavua majani. Kwa hiyo vyama vingine vimeweka sharti la kuachia wote, vingine vinaruhusu mmoja au wawili, na mtu analipia starehe ya kumpata, si kitoweo.

Mimi mwenyewe nasimama katikati. Sharti likisema achia, naachia. Likisema mmoja, namla huyo mmoja na dhamiri yangu inalala. Kinachonikera ni kuachia kwa uongo: mtu anamshika samaki kwa mikono mikavu, ute unaomkinga unabanduka, anamlaza kwenye mawe, anatafuta simu, anapiga picha tano, kisha anamtupa majini na kujisifu. Huyo samaki ana nafasi ndogo ya kupona. Anayetaka kuachia kweli abane kwa koleo, kabla hajaanza kuvua, ule mwiba wa nyuma wa ndoano unaozuia kutoka, alowanishe mikono, amfungue samaki akiwa bado majini, amshikilie taratibu akielekea juu ya mkondo mpaka aondoke mwenyewe.

Kwa biashara yako: trauti ana magamba madogo mno, humpari. Unampasua, unamsafisha, basi. Scotland humviringisha kwenye unga wa oti na kumkaanga kwa siagi. Ungepata wateja.

SWALI: Nina eneo Nzuguni na kisima kirefu chenye maji mengi. Nimesikia trauti kilo yake ni bei mbaya kwenye mahoteli. Nataka kuchimba mabwawa matatu nimfuge. Vifaranga nitaagiza nje. Unanishaurije? – Mjasiriamali, Dodoma

JIBU: Nakushauri usichimbe.

Trauti anastarehe kwenye maji ya nyuzi 10 hadi 16. Yakipita 20 anaanza kuacha kula, na yakikaribia 25 anakufa. Perege ni kinyume chake: anakula vizuri kwenye 26 hadi 30, na chini ya 16 hivi hagusi chakula. Nunua kipimajoto, ukichovye kwenye maji ya kisima chako saa nane mchana yakishakaa juani kwenye beseni kubwa. Utajijibu mwenyewe kabla hujamlipa mtu wa kijiko.

Joto lina mwenzake, hewa. Maji ya nyuzi 10 hubeba oksijeni kama miligramu 11 kwa lita. Ya nyuzi 28 hayafiki 8, na hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu, kwa hiyo hupungua tena. Trauti anahitaji oksijeni nyingi kuliko perege, na kadiri maji yanavyopata joto mwili wake unazidi kuihitaji huku maji yakizidi kuikosa. Ndiyo maana anafia kwenye bwawa ambalo perege anapumua bila wasiwasi. Kuna atakayekwambia ufunge mashine ya kupoza maji. Mwambie alete na mtu wa kulipa umeme.

Na hiyo habari ya kuagiza vifaranga nje: samaki hai wa kigeni haingizwi nchini bila kibali, na usijaribu njia ya uani. Trauti ni mla nyama. Afrika Kusini wamelaumiwa kwa kuwamaliza samaki wadogo wa asili kwenye vijito vya Cape. Waulize kwanza wizara, iko hapo hapo Mtumba, nauli yako ni ya daladala.

Fuga perege au kambale. Wateja unao Majengo na Sabasaba, sio lazima usubiri hoteli.

Ukitaka kumwona trauti wa Tanzania kwa macho, alipandikizwa enzi za ukoloni kwenye mito ya baridi ya nyanda za juu, kaskazini na kusini. Kutoka kwetu njia nyepesi ni Mufindi: unashuka Mtera, unapanda Iringa, unaendelea Mafinga, kisha unakata kuelekea kwenye mashamba ya chai, juu kabisa ambako asubuhi unatoa moshi mdomoni. Mabwawa ya huko ni ya watu, uliza na ulipie. Mimi mkono wangu ulinyooshwa huko na meneja mmoja wa shamba la chai aliyekuwa mkali kuliko mwalimu wa madrasa. Beba sweta. Watu wa Dodoma hatuamini mpaka tufike.

SWALI: Mimi ni kijana wa Hombolo. Nimeona video za hao nzi bandia. Siwezi kununua fimbo wala rili, ile ya kukunjia mshipi. Je, naweza kutengeneza nzi kwa vitu vya hapa kijijini, na perege atamla? – Fundi wa Hombolo

JIBU: Swali la mwezi ni hili, kijana wangu.

Vitu vyote unavyo. Hata mafundi wa Ulaya hununua manyoya ya jogoo na ya kanga, wanayalipia fedha za kigeni. Wewe unayaokota uani. Tafuta ndoano ndogo kabisa zinazouzwa mjini, uzi mwembamba wa cherehani mweusi au wa kijani, nta kidogo ya nyuki, unyoya wa shingo ya jogoo, na nywele za mbuzi, zile laini za ndani. Kama fundi baiskeli jirani ana jiliwa dogo, mwombe jioni akifunga kazi. Kama hana, plaizi iliyobanwa kwa mpira wa tairi inatosha.

Bana ndoano kwenye mpindo wake, shingo ya ndoano ikiwa wazi na imelala sawa. Pitisha uzi kwenye nta ushike. Anza nyuma ya tundu, zungusha ukirudi mpaka pale ndoano inapoanza kupinda, mizunguko ikigusana. Hapo funga nywele chache za mbuzi ziwe mkia, zisizidi urefu wa ndoano yenyewe. Sasa chukua nywele nyingine kidogo sana, zisokote kwenye uzi kwa kidole gumba na cha shahada mpaka uzi uwe na manyoya, kisha uzungushe kuja mbele. Huo ndio mwili. Uache nafasi kabla ya tundu. Wanafunzi wote hujaza mpaka mbele halafu wanakosa pa kufungia. Kwenye nafasi hiyo funga unyoya wa jogoo kwa shina lake, uzungushe mara mbili, vijinywele vitasimama pande zote. Mizunguko michache ya uzi, vifundo viwili, kata. Akielea sana, punguza unyoya. Akikutia haya, mfungue uanze upya.

Fimbo: mwanzi mkavu ulionyooka, mrefu kukuzidi mara mbili. Rili huihitaji. Wajapani wana uvuvi wao wa milimani, wanauita tenkara, ni fimbo na mshipi uliofungwa nchani, hakuna rili, na wanapata. Funga mshipi wa urefu wa fimbo, mbele yake nailoni nyembamba ya urefu wa mkono mara mbili.

Lakini perege si trauti, usimvue kitrauti. Trauti anawinda mdudu anayepita. Perege wetu sehemu kubwa ya siku anachunachuna ukijani kwenye mawe na matete, na anakula uchafu wa chini, mdudu anamchukua akimkuta. Kwa hiyo nzi wako awe wa kijani kibichi au mweusi, mdogo, azame. Mtupe kando ya matete asubuhi kabla upepo haujaanza, mwache ashuke, kisha msogeze kwa kiasi cha ukucha, usimame, umsogeze tena. Haraka yoyote inakuharibia. Humtambui kwa kishindo; utaona mshipi unanyooka tu.

Kuna jambo nitakugombeza nalo. Utaona kwenye maji madogo mashimo ya mviringo chini kwenye mchanga, na dume amesimama juu yake. Yule anapiga chochote kinachoingia kwenye shimo lake, kwa hiyo ni rahisi kumpata, na vijana wanamaliza mabwawa kwa njia hiyo. Mwache. Jike naye akishataga hubeba mayai na watoto mdomoni. Ukimpata jike, ukamfungua mdomo ukaona punje za manjano au vitoto, mrudishe hapo hapo. Hapo Mama wa Majengo na mimi tutakuwa upande mmoja, maana hao ndio perege wake wa miezi ijayo.

Muone afisa uvuvi wa kata kabla hujaanza. Mwanzi mmoja hausumbui mtu, ila ni vizuri akujue kwa sura.

SWALI: Nimenunua ile suruali ya mpira inayofika kifuani, ya mtumba, nataka niingie nayo Mtera niwafuate samaki kama wazungu. Ina tundu dogo gotini, nimeliziba kwa solusheni. Vipi? – Dereva wa lori, barabara ya Iringa

JIBU: Dereva, iuze.

Mtera ni Ruaha Mkuu uliozuiwa, na ndani yake kuna viboko na mamba ambao hawajaenda popote. Mto wa trauti ni wa kuingia kwa sababu mkubwa kuliko wote mle ndani ni wewe. Kiboko hukaa majini mchana na jioni hutoka kwenda malishoni, kwa hiyo saa ile jua linapotua, ambayo wewe unaiona nzuri ya kuvulia, ndiyo saa ya kutosimama kwenye njia zake za ukingoni. Utazijua, zimekanyagwa mpaka zimekuwa mifereji.

Hata pasipo na mamba kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa kando ya maji, pale pale kwenye majani unapotaka kusimama, na hupenya ngozi bila wewe kusikia chochote, zaidi saa za katikati ya mchana jua likiwa kali. Suruali yenye tundu lililozibwa kwa solusheni inakusanya maji ndani na kukupa muda mrefu wa kulowana nayo. Ukishaloweka miguu kwa miaka, kama wavuvi wengi wa kwetu, nenda zahanati upimwe, dawa ipo.

Ukitaka kuvua Mtera, simama juu ya mwamba mkavu, mbali na maji kwa hatua kadhaa, au panda mtumbwi wa wenyeji wanaoyajua maji. Lori liache mbali na ukingo, handibreki juu.